Aliyerusha ndiye ashushe: hotuba kuhusu taka za angani na nani alipe

Kwa mliokosa kikao cha Jumamosi hapa Dodoma, hii ndo hotuba yenyewe kama nilivyoiongea, picha za ukutani tu ndo nimeziacha. Ni ndefu kidogo, isomeni taratibu.

Mbukwenyi! Mbukwenyi wazee wangu, mbukwenyi mama zangu, walimu wenzangu, na nyie vijana wa kidato cha tano na sita mliojazana huku mbele. Mwenyekiti, asante kwa nafasi.

Nimepewa mada ambayo wengi wakiisikia wanatabasamu. Taka za angani, yaani satelaiti zilizokufa na vipande vya roketi vinavyobaki vinazunguka dunia. Kuna mzee hapa amenishika mkono mlangoni akaniuliza, mwalimu, taka za mtaani kwetu hazijaisha, wewe unatupeleka huko juu kufanya nini? Mzee wangu, swali lako ni zuri na ndo ntalijibu leo, maana hizo za juu nazo zinashuka, na zikishuka hazichagui mtaa.

Tarehe 30 Desemba 2024, mchana, watu wa kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni, hapo Kenya kwa jirani zetu, walisikia kishindo. Wakatoka kuangalia, wakakuta pete kubwa ya chuma imelala kwenye kichaka, bado ya moto. Kipenyo chake kama mita mbili na nusu, uzito karibu kilo 500. Nusu tani! Shirika la anga la Kenya likaja kuichukua, likasema ni pete inayotenganisha sehemu za roketi, vitu vya namna hiyo kwa kawaida huungua vikishuka au vinaangukia baharini au sehemu isiyo na watu. Hii haikuungua na haikufika baharini. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia.

Sasa fungueni ramani. Kutoka Mukuku hadi hapa tulipokaa, ukinyoosha mstari, ni kilomita mia tano na kitu. Kitu kinachozunguka dunia kwenye obiti ya chini, yaani ile njia ya mzunguko iliyo karibu na ardhi, kinakwenda karibu kilomita 8 kwa sekunde. Kwa hiyo ile njia ya Mukuku mpaka Dodoma kinaimaliza kwa dakika moja na sekunde chache tu. Hayo ndo mahesabu. Na mwaka 2020 ilikuwa Ivory Coast, bomba refu la chuma likaangukia kijiji kinaitwa Mahounou, siku hiyo hiyo ambayo mwili wa roketi kubwa ya Kichina, Long March 5B, kitu cha tani kama 20, ulikuwa unashuka bila mtu kuuongoza. Ivory Coast hawakurusha roketi. Mukuku hawakurusha roketi. Ila vyuma vimewafikia.

Lakini ndugu zangu, naomba mnielewe vizuri hapa. Kinachoanguka ndo sehemu ndogo ya tatizo. Tatizo kubwa ni kile ambacho hakianguki.

Mwaka 1958 Wamarekani walirusha kasatelaiti kadogo, Vanguard 1, kilo moja na nusu tu, unaweza kukabeba kwa mkono mmoja. Kaliacha kutuma mawasiliano mwaka 1964. Leo kako wapi? Kako huko huko juu, bado kanazunguka, na kataendelea kuzunguka baada ya sisi sote humu ukumbini kuondoka duniani. Kwa nini? Kwa sababu huko juu sana hakuna hewa ya kutosha ya kupunguza mwendo. Chini ya kilomita 500 au 600 kuna hewa nyepesi kidogo, inakivuta kitu taratibu, ndani ya miaka kadhaa kinashuka na kuungua. Ukipanda kilomita 800 unaongelea karne na karne. Ukipita 1,000 unaongelea miaka elfu. Mwenzako akiacha chuma chake kwenye kilomita 800 leo, wajukuu wa wajukuu zako watakikuta.

Na viko vingapi? Vikubwa, vya kuzidi sentimita 10, rada zinavifuatilia makumi ya maelfu. Vya sentimita 1 hadi 10, makadirio ya Shirika la Anga la Ulaya yanasema vimepita milioni moja, na hivyo vingi rada hazivioni. Kijana, usidharau sentimita moja. Chukua kipande cha alumini cha ukubwa wa gololi, gramu moja na nusu, kikutane na satelaiti kwa mwendo wa kilomita 10 kwa sekunde, ile nguvu ya kugonga inalingana na gari la tani moja linalokuja kwa kilomita 40 kwa saa. Gramu moja na nusu! Mwaka 2016 satelaiti ya Ulaya inayoitwa Sentinel-1A, ambayo picha zake zinatumika dunia nzima kuangalia mafuriko na mashamba, iligongwa na kapunje ka milimita chache tu kwenye paneli yake ya jua, umeme ukashuka ghafla, na walipowasha kamera wakaona sehemu iliyoharibika ina upana wa kama sentimita 40. Na mwezi Novemba 2025 wanaanga wa China walichelewa kurudi nyumbani kwa siku kadhaa kwa sababu chombo chao kilishukiwa kugongwa na kipande, dirisha likaonekana lina ufa, ikabidi warudi na chombo kingine.

Sasa mnajiuliza, vipande hivi vimetoka wapi? Ngoja niwape hadithi moja vizuri, maana hii ndo iliyonifanya mimi mwalimu wa uchumi nianze kufuatilia mambo ya angani.

Tarehe 10 Februari 2009, juu ya Siberia, kilomita 789 kutoka ardhini. Satelaiti mbili. Moja ya Kimarekani, Iridium 33, ni mzima, inafanya kazi, inapitisha simu za watu. Nyingine ya Kirusi, Kosmos 2251, ilirushwa 1993, ikafa 1995, tangu hapo inazunguka tu, haina breki, haina usukani, haina mtu wa kuiongoza. Miaka 14 maiti inazunguka. Makadirio ya siku ile yalikuwa yanaonyesha zitapishana kwa zaidi ya mita 500. Hazikupishana. Ziligongana kwa mwendo wa kilomita 11.7 kwa sekunde na zote mbili zikawa vumbi na vipande, vile vikubwa vya kuonekana na rada peke yake karibu 2,000.

Nauliza, nani alilipa?

Hakuna. Wamarekani hawakuidai Urusi kwa mkataba, Warusi hawakuidai Marekani. Na kila aliye jirani na obiti ile, ambaye hakuhusika kabisa, tangu siku ile anachoma mafuta yake kukwepa vipande vya wengine. Mafuta ya satelaiti kwa kawaida hayaongezwi, yakiisha na maisha yake yameisha. Kwa hiyo kila ukikwepa unakata siku zako za biashara. Gharama ipo, inalipwa kila siku, ila hailipwi na aliyeisababisha. Vijana wa ECA na HGE, nyie mnaosoma uchumi, hili somo mnalijua, gharama inayomwangukia mtu wa tatu. Hapa ndo moyo wa mada yangu na ntaurudia mpaka mtachoka: mwenye kuacha taka halipi, anayelipa ni mwingine.

Na hiyo ilikuwa ajali. Kuna ambazo zilifanywa makusudi. Januari 2007 China walipiga kombora satelaiti yao wenyewe ya hali ya hewa, Fengyun-1C, kwenye kilomita 860 hivi, vikatoka vipande zaidi ya 3,000 vya kuonekana na rada. India walifanya jaribio lao 2019, wao walau walipiga chini kiasi. Novemba 2021 Urusi wakaipiga Kosmos 1408, vipande zaidi ya 1,500, wanaanga waliokuwa kwenye kituo cha anga cha kimataifa, wakiwemo Warusi wenyewe, wakaamriwa wakimbilie kwenye vyombo vyao vya kurudi duniani wakae tayari. Marekani nao walishafanya ya kwao miaka ya nyuma. Wakubwa wote wana mkono hapo, simtetei yeyote.

Sasa mzee wangu wa mlangoni, ile Fengyun ilipovunjika ilimwaga vyuma kwenye mtaa gani? Kwenye obiti za kilomita 800 na kitu, mle mle zinamopita satelaiti za hali ya hewa za Ulaya zinaitwa Metop, kama kilomita 820. Data za satelaiti za namna hiyo ndo zinaingia kwenye mashine kubwa za utabiri duniani, na utabiri huo ndo TMA, mamlaka yetu ya hali ya hewa, wanaufanyia kazi kutuambia mvua za Desemba zitaanza lini. Mkulima wa Chamwino anayengoja kuambiwa apande mtama lini, mkulima wa zabibu wa Hombolo anayeogopa mvua ikimkuta wakati wa kuvuna, mfugaji wa Bahi, wote wamo humo bila kujua. Hatuna satelaiti yetu huko lakini tunakula matunda ya za wenzetu kila siku. Zikiharibika huko, huku utabiri unakuwa butu. (Wapima viwanja msiogope sana, satelaiti za GPS ziko mbali, kilomita 20,200, huko kuna nafasi bado.)

Jambo la pili. Hivi hakuna sheria? Zipo. Na moja iliwahi kufanya kazi kweli.

Januari 1978 satelaiti ya Kisovieti, Kosmos 954, iliyokuwa na mtambo wa nyuklia ndani yake, iliangukia kaskazini mwa Canada kwenye theluji. Ikamwaga mionzi kwenye eneo kubwa sana. Wakanada wakatumia miezi wakitafuta vipande kwenye baridi kali, gharama ikafika kama dola milioni 14 za kwao. Wakadai milioni 6. Mwaka 1981 Wasovieti wakalipa milioni 3. Huo mkataba waliodaia ni wa mwaka 1972, unasema kitu chako kikianguka ardhini na kuharibu, nchi iliyorusha inalipa, haina haja ya kuthibitisha uzembe. Safi kabisa. Tangu hapo ni madai hayo hayo tu yaliyowahi kuwekwa rasmi chini ya mkataba ule, miaka yote hiyo.

Ila mkataba huo huo una tundu. Ukiharibiwa huko huko angani, lazima uthibitishe mwenzako ana kosa. Utathibitishaje? Satelaiti yako imepigwa na kapunje ka milimita tatu, utajuaje ni rangi iliyobanduka kwenye roketi ya nani ya mwaka gani? Huwezi. Na wasioweza kukamatwa hawaogopi.

Kuna na tundu la pili ambalo watu hawaliongelei sana na mimi naona ndo linachelewesha mambo. Mkataba wa 1967 unasema kitu kilichorushwa kinabaki chini ya nchi iliyokisajili. Kwa baharini, meli ikitelekezwa kuna sheria za uokoaji, mtu anaivuta anapata chake. Angani hakuna. Roketi iliyokufa miaka 40 iliyopita bado ina mwenyewe, huruhusiwi kuigusa bila ruhusa yake, ingawa yeye mwenyewe haitaki na haigusi. Mnaona hilo? Haitaki, hailipii, na wewe huruhusiwi kuizoa.

Wazee wa Kondoa mpo humu? Naona mikono. Nyinyi ndo mnaolijua hili kuliko mtu yeyote aliyesoma vitabu. Miaka ile ya sabini, vilima vya Kondoa Irangi vilikuwa vimeliwa na mmomonyoko, makorongo kila mahali, udongo mwekundu umekaa uchi, mpaka picha zake zikawa zinaoneshwa nje ya nchi. Sababu zilikuwa nyingi, siwezi kuwatupia wafugaji peke yao, lakini moja ilikuwa hii: malisho ni ya wote, ng'ombe wa ziada faida ni yangu, hasara ya nyasi ni yetu wote, kwa hiyo kila mmoja anaongeza mmoja. Serikali ikaanzisha mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1973, ukachimba makinga maji na kupanda miti, hali ikawa bado ngumu, na mwaka 1979 ikatoka amri mifugo yote itoke eneo lile. Yote! Makumi ya maelfu ya ng'ombe, mbuzi na kondoo. Nyasi zilirudi, miti ikarudi, hilo ni kweli na ni la kujivunia, baadaye ukaja ufugaji wa kulisha zizini. Lakini muulizeni aliyehamishwa na ng'ombe wake mwaka ule alilipa nini. Aliyekuwa na ng'ombe mia na aliyekuwa na watatu wote walitoka.

Mtaalamu wa sayansi ya siasa Elinor Ostrom, mama wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, 2009, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba mali ya wote si lazima iishe, watu wakijuana, wakawekeana kanuni, wakawa na mtu wa kuangalia, na adhabu ikaanza ndogo ikapanda, mali inadumu. Sasa nawauliza, angani hawajuani? Wanajuana! Nchi zinazorusha hazijai hata mstari wa mbele hapa. Mtu wa kuangalia yupo? Yupo, rada zinahesabu mchana na usiku. Kinachokosekana ni bei na adhabu. Kwa hiyo tusiambiwe haiwezekani.

Jambo la tatu, na hapa ntakaa kidogo maana ndo kazi yangu. Tufanyeje kiuchumi?

Wapo wanaosema, tukazoe. Sawa, tukazoe, ila tusikie bei kwanza. Shirika la Anga la Ulaya lilisaini mkataba mwaka 2020, euro milioni 86, kwenda kushusha kipande kimoja cha roketi, kilo 112. Kimoja! Gawanyeni wenyewe, ni zaidi ya euro laki saba kwa kila kilo. Na kabla hata chombo cha kukizoa hakijarushwa, mwaka 2023 kile kipande chenyewe nacho kikagongwa na taka nyingine, ikabidi baadaye wachague kingine cha kwenda kushusha. Wajapani wamekwenda vizuri, Februari 2024 kampuni ya Astroscale ilirusha chombo kiitwacho ADRAS-J, kikakifuata kipande cha roketi ya Kijapani cha mita 11 na tani 3, kikazunguka nacho, kikakisogelea mpaka mita 15 na kukipiga picha. Hapo ni kukiangalia tu, kukishusha ni safari nyingine na bajeti nyingine. Naheshimu sana kazi hiyo. Vile vikubwa kabisa, miroketi ya tani nyingi iliyotelekezwa huko kwenye kilomita 800, lazima iondolewe, ikigongana hiyo tumekwisha. Mwaka 1978 Donald Kessler wa NASA na mwenzake Burton Cour-Palais waliandika kwamba vipande vitafika wingi ambao vinagongana vyenyewe kwa vyenyewe na kuzaa vingine hata kama hakuna anayerusha tena. Kwa hiyo kuzoa kupo.

Lakini kuzoa bila bei hakutoshi, na sababu ni rahisi, ukisafisha mahali ambapo kuingia ni bure unawakaribisha wengi zaidi waje kuchafua. Mwaka 2020 wachumi watatu, Akhil Rao, Matthew Burgess na Daniel Kaffine, walichapisha mahesabu yao kwenye jarida la PNAS. Wakasema, kila satelaiti ilipe ada kwa mwaka kwa kukaa kwenye obiti, ada ipande polepole, ikifika mwaka 2040 iwe kama dola 235,000 kwa satelaiti kwa mwaka. Watu wakashtuka, itaua biashara! Hesabu zao zikaonyesha kinyume: bila ada thamani ya sekta nzima mwaka 2040 ni kama dola bilioni 600, ukiweka ada inafika karibu trilioni 3. Kwa sababu wanaorusha ovyo wanapungua, migongano inapungua, satelaiti zinadumu. Ada inaongeza mali. Sharti lake ni moja, nchi zote zinazorusha zikubaliane, maana ukitoza wewe peke yako kampuni inahamia kwa asiyetoza.

Mimi binafsi, pamoja na ada, napenda zaidi dhamana. Mama zangu wenye maduka mnanielewa haraka hapa. Mtu akija kununua soda ya chupa akataka kuondoka nayo, unamwambia nini? Acha hela ya chupa. Akirudisha chupa anarudishiwa hela yake. Humfuati nyumbani, humtumii mgambo, humuhubirii usafi, na chupa zinarudi. Fanya hivyo hivyo kwa satelaiti. Kabla hujarusha, weka dhamana kubwa benki. Ukiishusha salama muda wake ukiisha, chukua hela yako na riba. Ukiitelekeza, hela hiyo inaenda kumlipa atakayekwenda kuizoa. Ghafla mzoaji ana soko, mrushaji ana sababu ya kubakiza mafuta ya kushukia, na hatuna haja ya kubishana nani mwenye kosa maana hela imeshakaa mezani.

Mtaniambia hizi ni ndoto za mwalimu. Hapana jamani, dalili zimeshaanza. Zamani kanuni ya kimataifa ilikuwa satelaiti ikimaliza kazi ishuke ndani ya miaka 25, nayo ilikuwa ya hiari tu, wengi wakaipuuza. Septemba 2022 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ikapitisha miaka 5. Na Oktoba 2023 ikatoa faini ya kwanza katika historia kwa ajili ya taka za angani: kampuni ya Dish iliahidi kuipandisha satelaiti yake EchoStar-7 kilomita 300 juu ya obiti yake ya kazi ili isisumbue wengine, mafuta yakaishia njiani, ikafika kilomita 122 tu. Faini dola 150,000. Ndogo sana hiyo kwa kampuni kubwa vile, nasema wazi ni ndogo. Faini ikiwa ndogo kuliko faida ya kutumia mafuta mpaka tone la mwisho, mwenye akili ya biashara atachagua faini. Ila mlango umefunguliwa, na iliyotozwa ni kampuni ya Kimarekani kwao Marekani.

Bima nayo ingesaidia, Uingereza tayari mrushaji lazima awe na bima ya kufidia wengine. Lakini satelaiti nyingi za obiti ya chini hazina bima ya kugongana, wenyewe wanaona ni rahisi kurusha nyingine. Bima ikiwa ya lazima kwa wote, kampuni ya bima itaanza yenyewe kuuliza maswali ambayo serikali zinaogopa kuuliza: una mafuta ya kushukia kiasi gani, uko kilomita ngapi, ukifa nani anakushusha.

La mwisho, ambalo najua litaleta ubishi, sisi tuko wapi?

Mwaka 1976 nchi za ikweta, zikiwemo Kenya, Uganda, Zaire na Colombia, zilikutana Bogota zikatangaza kwamba ile obiti ya kilomita 36,000 iliyo juu ya ikweta ni rasilimali yao. Wakubwa wakakataa, na ndo hivyo ikapita. Nchi zilidai umiliki na hazikupata. Mimi nasema tusirudie kudai umiliki, mkataba wa 1967 umeukataza, tudai utaratibu wa malipo. Kwa sababu majirani wameshaingia: Kenya walirusha Taifa-1 Aprili 2023, Uganda walikuwa na PearlAfricaSat-1 mwaka 2022, Rwanda wamo, na kwetu serikali imeshatamka kwamba nchi inataka satelaiti yake. Shirika la Anga la Afrika limezinduliwa Cairo Aprili 2025. Tunaingia ukumbini wakati sakafu imeshachafuka.

Na hapa nina wasiwasi wa kweli. Ada ikiwekwa sawa kwa wote kuanzia kesho, aliyerusha maelfu miaka 60 bila kulipa senti na anayerusha ya kwanza leo watalipa sawa. Hiyo si haki. Sehemu kubwa sana ya taka zilizopo ni za nchi tatu, Urusi, Marekani na China. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: za zamani wazizoe waliozitupa kwa hela yao, kila mmoja kwa kadiri ya tani zake zilizoko huko. Za kuanzia sasa, kila mtu aweke dhamana, tajiri na maskini, na sisi tusiombe kusamehewa. Nikisema tusamehewe sisi kwa sababu ni maskini, kesho kampuni za nje zitakuja kusajili satelaiti zao kwetu kukwepa dhamana, kama meli zinavyosajiliwa nchi za watu, afu ikigonga kitu jina la Tanzania ndo litakuwa kwenye daftari, na kwa ule mkataba wa 1972 nchi yenye kurusha ndo inayodaiwa. Watu wa sheria mliopo hapa naomba mlisimamie hili.

Na satelaiti yetu ikija, mkataba wa kuinunua uwe na maswali haya ndani: itakaa kilomita ngapi, maana ikikaa chini ya 500 itashuka yenyewe hata ikifa. Ina mafuta au kifaa cha kuishushia? Bima kaikata nani? Ikimaliza kazi ni nani anayebonyeza kitufe, na mshahara wake wa miaka hiyo ya mwisho uko kwenye bajeti gani? Hilo la mwisho ndo linalosahaulika kila mahali, watu wanapanga sherehe ya kurusha, hawapangi hela ya kushusha.

Sisi wa Dodoma tuna nafasi ambayo watu wa mikoa mingine hawana. Muswada wowote wa mambo ya anga ukifika bungeni, kamati itaita wadau watoe maoni, na itawaita hapa hapa, ni nauli ya daladala tu. Kwa hiyo nimeleta karatasi, ziko kwa mwalimu pale mlangoni, anayetaka tuandike maoni pamoja aache jina na namba. Nahitaji mtu wa sheria, mtu wa bima, mkulima mmoja au wawili wanaotumia utabiri, na vijana wa kupiga hesabu za dhamana, iwe dola ngapi kwa kilo, kwa kilomita ngapi. Kikao cha kwanza wiki mbili zijazo, Jumamosi, saa nne asubuhi, ukumbi huu huu.

Mwenyekiti, naona mikono imeshanyooka, tuanze na mama yule wa nyuma.